Waya na Tawi

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu, nasi tumelipokea neno hilo kama wosia usio na kasoro. Sina nia ya kulikanusha. Samaki akikauka hakunjiki, huvunjika. Na mtu akikomaa katika desturi mbaya ni vigumu kumrudi. Walakini, msomaji mpenzi, methali hii hutufundisha wakati wa kuanza kukunja, haitufundishi wakati wa kuachilia. Aliyekunja asijue kuachilia huharibu sawasawa na yule aliyechelewa kukunja. Jambo hili sikulisoma katika chuo nilikofunzwa ualimu, wala sikulisikia katika mkutano wowote wa walimu. Nilifundishwa na mti mmoja wenye kimo cha shibiri mbili, na mwanafunzi mmoja mwenye sauti ndogo. Nataka nikusimulie habari za wote wawili, na katika kusimulia nikuonyeshe kazi ya mikono ambayo wewe mwenyewe waweza kuijaribu: kazi ya kuyaongoza matawi ya mti mdogo kwa waya.

Yamkini hujapata kuuona mti wa namna hii, basi nianze kwa kuueleza. Wajapani huuita bonsai. Jina hili limefanywa kwa maneno mawili: la kwanza maana yake ni sinia au chombo kipana, na la pili maana yake ni kupanda. Asili ya sanaa yenyewe ni China, ambako watu walipanda miti midogo katika vyombo karne nyingi zilizopita. Wajapani waliipokea huko, kisha wakaikuza kwa namna yao. Wengi hudhani kuwa mti huu una mbegu yake ya pekee. Sivyo. Mbegu ni ile ile ya mti mkubwa wa msituni, na ukiipanda ardhini na kuiacha, mti wake utarefuka kama ndugu zake. Mti hubaki mdogo kwa sababu chungu chake hakina kina, mizizi yake hupunguzwa kwa wakati wake, na matawi yake hukatwa kwa kipimo. Mambo hayo matatu huuzuia usiwe mkubwa. Jambo la nne, ambalo ni waya, ndilo linaloupa sura.

Sura gani? Sura ya uzee. Tazama mti mchanga uone jinsi matawi yake yanavyoelekea juu kwa pupa, kama watoto wanaonyosha mikono darasani. Kisha tazama mti mzee mlimani: matawi yake yamelala, mengine yameinama, kwa kuwa yamebeba uzito wa majani na mvua kwa miaka mingi. Mwenye kulea bonsai hutaka mti wa shibiri mbili umkumbushe atazamaye mti wa miaka mia. Kwa hiyo huyashusha matawi yake kwa waya, huyapa mapindo machache yasiyolingana, na huyatenganisha ili kila moja lipate jua lake.

Mti wa kwanza wa namna hii niliuona nilipokuwa nikisomea ualimu. Mkufunzi wetu mmoja wa sayansi alikuwa na mugumo ndani ya sahani ya udongo, umesimama dirishani pake, nao haukuzidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mugumo! Mti ambao Wakikuyu waliuheshimu kuwa mahali pa sala na sadaka, mti ambao kivuli chake huweza kufunika mkutano mzima, ulikuwa ukinyweshwa maji kwa kikombe cha chai. Nilicheka. Mkufunzi wangu hakucheka. Aliniambia kwamba mtu asiyeweza kuungoja mti asijifunge kwenda kufundisha watoto. Wakati ule niliyaona maneno hayo kuwa mzaha wa mzee.

Miaka michache baadaye nikawa mwalimu katika shule moja ya sekondari karibu na Nakuru. Ukuta wa darasa la kidato cha pili ulikuwa na ufa, na ndani ya ufa ule ulikuwa umeota mugumo mchanga. Si ajabu. Ndege hula tini za mugumo na kuzidondosha mbegu popote watuapo, na mche wake huweza kuota juu ya mti mwingine, katika mfereji wa paa, au penye ufa wa jiwe. Mwalimu Mkuu aliamuru ung'olewe, naye alikuwa na haki, kwa sababu mizizi ya mugumo ikinenepa hupasua ukuta. Nikauomba. Niliubandua polepole kwa kijiti na maji, nikaupanda katika chungu kipana chenye matundu chini, juu ya udongo uliochanganywa na kokoto ndogo ili maji yasituame. Kwa muda wa miaka mitatu sikufanya jambo ila kuunywesha maji na kuukata ncha. Shina likawa nene kama kidole gumba, matawi yakawa matano. Hapo wanafunzi kumi na mmoja wakaniomba tuanzishe chama cha miti midogo, tukutane kila Ijumaa baada ya masomo. Nilikubali kwa furaha, maana ualimu ni kama deni: anayedaiwa hulala vizuri akilipa.

Kazi ya kwanza ya chama chetu ilikuwa kutafuta waya. Nyaya zifaazo ni za namna mbili, za alumini na za shaba nyekundu. Alumini ni laini. Huifaa mikono isiyozoea, na huifaa miti ya majani mapana kama mugumo. Shaba hushika kwa nguvu zaidi hata ikiwa nyembamba, na wastadi huipenda kwa misonobari. Sisi hatukuwa na fedha za kuchagua. Fundi aliyekuwa akitengeneza taa za bweni alitupa mabaki ya waya wa umeme, tukalimenya ganda la plastiki kwa kisu. Nakuonya, msomaji: limenye, usilichome, kwa kuwa moshi wa plastiki ni sumu, wala usiguse kamwe waya ambao bado umeungwa na umeme. Shaba iliyokwisha kupindwapindwa huwa ngumu. Ukiitia motoni mpaka iwe nyekundu, kisha ukaiacha ipoe, hurudi kuwa laini kama uzi. Na ukiipinda tena, hugumu tena. Tabia hiyo ndiyo iifanyayo ifae, kwa maana huzunguka tawi ikiwa tii na hulishika ikiwa shupavu.

Kazi ya pili ilikuwa kupima. Unene wa waya uwe yapata theluthi moja ya unene wa tawi pale linapotoka shinani. Ukitaka kuhakikisha, ushike waya, uache ncha yake itokeze kidogo, kisha uisukume juu ya tawi. Waya ukipinda kabla ya tawi kusogea, ni mwembamba mno. Tawi likisogea nao ukabaki umenyoka, unatosha. Urefu wake uwe urefu wa tawi na nusu yake, kwa sababu mzunguko hula waya kuliko macho yanavyodhani.

Kazi ya tatu ni kuzungusha, na hapa ndipo mwanafunzi mwenye haraka hujulikana. Kila waya lazima uwe na nanga. Ukianzia kwenye tawi lenyewe bila kuufunga mahali, utacheza, na tawi litarudi lilikotoka. Njia iliyo bora ni kutumia waya mmoja kwa matawi mawili yaliyo jirani: katikati ya waya huzungushwa shinani walau mara moja, na kila ncha hufuata tawi lake. Ikiwa ni shina lenyewe linalotakiwa kupindwa, ncha ya waya huchomekwa udongoni nyuma ya shina mpaka chini kabisa. Anza na matawi manene, umalize na membamba. Anza shinani, umalize nchani. Mizunguko ipande kwa mshazari wa nyuzi 45, yenye nafasi zinazolingana. Ikikaribiana sana, waya utakuwa kama kamba ya mzigo. Ikiachana sana, hautakuwa na nguvu. Nyaya zisipandane, na jani lisinaswe chini yake. Waya uguse gome wala usilibane. Kwa mkono mmoja lishike tawi lisitikisike, kwa mwingine uuzungushe waya. Nao ufuate upande ambao utalisokota tawi, ili msokoto uukaze badala ya kuulegeza.

Kazi ya nne ni kupinda kwenyewe. Usiunyweshe mti maji asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu tawi lililojaa maji ni gumu kupindika na jepesi kuvunjika. Tumia mikono miwili. Vidole gumba vikae upande wa ndani wa pindo, na waya upite upande wa nje, maana upande wa nje ndio unaonyoshwa, na ndio unaopasuka. Pinda kidogo, pumzika, pinda tena. Masikio yako yafanye kazi pamoja na mikono: ukisikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu, simama hapo hapo, ulirudishe tawi nyuma kidogo, ulifunge, uliache. Pindo ambalo halikubali leo laweza kukubali baada ya majuma mawili. Ukimaliza, uweke mti kivulini kwa siku kadhaa, na usiupige pepo wala jua kali, kwa kuwa umechoka kama mtu aliyetoka safarini.

Tuliufunga mugumo wetu Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Februari. Matawi matano yakashuka, mti ukageuka mbele ya macho yetu. Wanafunzi walipiga makofi. Nami, nisikufiche, nilijiona fundi.

Sasa nitue kidogo nikueleze jambo linalotendeka ndani ya tawi, kwa sababu bila hilo huwezi kuielewa aibu yangu. Chini ya gome kuna utando mwembamba ulio hai. Huo, wakati wa kukua, huongeza nyama mpya ya mti upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Tawi likipindwa, hutaka kurudi, waya hulizuia. Wakati linapozuiwa, nyama mpya hujengwa juu ya umbo lile lililopindwa, kidogo kidogo, mpaka umbo likawa la tawi lenyewe. Basi fahamu: waya haulifundishi tawi kitu. Waya hungoja tu, na tawi ndilo linalojijenga. Walakini nyama ile ile inayolijenga tawi hulinenepesha pia, na waya haunenepi pamoja nalo. Ukiachwa, gome hufura pande zote mbili, waya huzama kama kamba ya ng'ombe iliyosahauliwa shingoni, na alama ya mzunguko hubaki kwa miaka mingi, pengine daima. Kwa hiyo katika kazi hii kuna siku ya kufunga na kuna siku ya kufungua, na ya pili haiandikwi katika kalenda. Huandikwa katika gome.

Mimi niliitafuta katika kitabu. Nilikuwa na kitabu kimoja kilichoeleza habari za misonobari ya nchi yenye baridi, nacho kilisema kuwa waya huachwa miezi mingi, pengine mwaka mzima na kuzidi. Kitabu hakikusema uongo. Msonobari hunenepa polepole. Lakini mugumo katika joto na mvua hunenepa upesi sana, na mvua za masika zilianza kwetu mwezi wa Machi kwa nguvu.

Katika chama chetu alikuwamo msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye sitamtaja jina. Alikuwa mnyamavu, na alama zake darasani hazikuwa za kusifiwa. Kazi yake ilikuwa kuunywesha mti maji, kwa hiyo aliuona kila siku, hali mimi niliuona Ijumaa kwa Ijumaa. Katika juma la mwisho la muhula aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "naona waya umeanza kuingia."

"Umeingia wapi?"

"Kwenye tawi la kushoto, karibu na shina. Juma lililopita kucha yangu ilipita kati ya waya na gome. Leo haipiti."

Ningalikuwa mwalimu mwema siku ile ningaliinuka nikatia ukucha wangu mwenyewe. Ilikuwa hatua sita kutoka kitini hadi dirishani. Lakini nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani mbele yangu, nilikuwa na kitabu, na juu ya yote nilikuwa na kiburi cha mtu anayeitwa mwalimu. Nikamwambia, "Kitabu kinasema waya ukae mpaka mwaka ukaribie kutimia. Wewe mwenzetu umesoma kitabu gani?" Wenzake wakacheka. Yeye akaketi, akaiangalia mikono yake, asiseme neno tena.

Shule ikafungwa. Nilikwenda nyumbani kwa wazazi wangu majuma matatu, nikapanda mahindi, nikala vizuri, nikalala vizuri. Mlinzi wa shule aliunywesha mti kama nilivyomwomba, nayo mvua ikamsaidia. Niliporudi niliukuta mti una majani mengi yenye afya, nikafurahi kwa mbali. Nilipoukaribia, furaha ilikatika. Kwenye matawi mawili sikuuona waya kwa mahali kadhaa. Gome lilikuwa limefura likaufunika, kama midomo iliyofumba kitu. Tawi dogo la tatu lilikuwa limekauka ncha. Niliketi karibu na dirisha lile nikakumbuka neno lililonifanya nione haya kuliko mti wenyewe: leo haipiti.

Msomaji mpenzi, lilikuwapo jaribu la kuumaliza mkasa ule kimya kimya. Ningeweza kukata nyaya usiku, nikasema kuwa mvua ilizidi. Hapana ambaye angenihoji. Walakini nilijua kwamba mtu mmoja angejua, na ya kwamba mtu huyo hangeinua mkono tena, si kwangu tu, bali pengine mbele ya mwalimu yeyote. Tawi la mti lilikuwa limepata alama moja. Je, nilikuwa tayari kuitia alama ya pili mahali pasipoonekana?

Ijumaa ilipofika niliuweka mti mezani, wote wauone. Nikasema, "Juma la mwisho la muhula uliopita mwenzenu aliona jambo la kweli, akalisema kwa adabu, nami nikamfanya kichekesho. Yeye aliutazama mti. Mimi nilitazama kitabu. Nilimwaibisha mbele yenu, basi namwomba radhi mbele yenu." Darasa lilinyamaza. Nilitazamia machozi, au hotuba, kama tuonavyo katika hadithi. Yeye alisimama, akaukaribia mti, akautia ukucha wake pale alipokuwa ameutia mara ya kwanza, akasema, "Mwalimu, tuukate leo. Bado unazidi kuingia."

Tukamwachia koleo. Nami hapa nakupa funzo la mwisho la kazi hii: waya haufunguliwi kwa kuuzungusha kinyume. Jaribu la kuuokoa waya ni kubwa, hasa kwa maskini, lakini anayeuzungusha nyuma huvunja machipukizi na huchubua gome, na tawi ni ghali kuliko waya. Hukatwa kwa ncha ya koleo kila mzunguko, na vipande huanguka vyenyewe. Pale ulipozama, huinuliwa taratibu kutoka penye mwanya. Kila tulipochubua, mugumo ulitoa utomvu wake mweupe kama maziwa, naye msichana yule aliupangusa kwa kitambaa kibichi. Kazi ya kufunga ilikuwa imetuchukua saa moja. Kazi ya kufungua ilituchukua saa mbili. Tulipomaliza, matawi mawili yaliyoumia yalibaki pale pale tulipoyapinda, na alama zake kama nyoka aliyejiviringisha. Tawi moja jembamba lilirudi juu nusu ya njia, nalo tukalifunga upya, waya ukipita mahali pengine pasipokuwa na alama. Tangu siku ile tuliweka sheria moja ya chama: kila Jumatatu na kila Alhamisi mtu mmoja, yeyote awaye, hupitisha ukucha chini ya waya, na neno lake ndilo la mwisho, hata kama kitabu kina maoni mengine.

Tangu hapo nimeanza kuzitafuta nyaya nyingine nilizozifunga nikazisahau. Niliikuta moja bila ya kwenda mbali. Alikuwapo mvulana niliyemketisha peke yake mbele ya darasa alipokuwa kidato cha kwanza, kwa sababu ya maneno mengi. Adhabu ile ilimfaa. Lakini mwaka ulikuwa umepita, yeye ametulia zamani, na bado alikuwa ameketi peke yake, wala hapana aliyekumbuka sababu, hata mimi. Nilimwambia achague dawati alitakalo. Alinitazama kama mtu aliyesikia habari ya ajabu, kisha akakusanya vitabu vyake.

Pengine utaniuliza: kama waya una hatari hizi zote, je, si ukatili kuufunga mti? Swali hili ni la haki, na kila Ijumaa mwanafunzi mpya huliuliza. Jibu langu ni kwamba mti hauna maisha yasiyopindwa na kitu. Pepo ya mlimani huupinda, theluji huulemea, jiwe huuzuia, na kivuli cha jirani huusukuma kando. Tofauti ni kwamba pepo haina macho, nawe unayo. Ukatili huanza pale mwenye macho anapokataa kuyatumia. Tena waya si njia pekee. Kusini mwa China wako mabingwa wa mtindo uitwao Lingnan ambao huitengeneza miti yao kwa kukata na kungoja: hukata tawi juu ya chipukizi linaloelekea upande wautakao, huliacha linenepe, kisha hukata tena. Njia hiyo huchukua miaka mingi, lakini mapindo yake ni ya asili. Wengine huvuta tawi chini kwa kamba iliyofungwa kwenye chungu, au hutungika kijiwe. Mti kama mbogavilia, ambao matawi yake makavu huvunjika ovyo, hupindwa ungali na machipukizi laini, na baada ya hapo huachiwa makasi. Mwenye hekima huutazama mti kwanza, halafu huchagua njia.

Nimalize kwa habari ya mti mmoja ambao sijauona kwa macho, bali nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mjini Washington, katika makumbusho ya bonsai yaliyomo ndani ya bustani ya miti ya taifa la Marekani, upo msonobari mweupe wa Kijapani ambao umelelewa chunguni tangu mwaka 1625. Ulikuwa mali ya jamaa ya Yamaki ya Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji ule, mti huo ulikuwa umbali wa kilomita tatu hivi, nyuma ya ukuta wa shamba lao, ukaokoka. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kuwa zawadi, pamoja na miti mingine ya Wajapani, kwa watu wa Marekani, ambao ndege yao ndiyo iliyolibeba bomu lile. Siku zile waliopokea mti hawakuijua hadithi yake. Habari zilijulikana mwaka 2001, wajukuu wa mzee yule walipokwenda kuutazama na kusimulia.

Hesabu mikono iliyoulea mti ule katika miaka zaidi ya mia tatu. Ya kwanza imekwisha kuwa udongo. Iliyofuata nayo imekwisha kuwa udongo. Kila mmoja aliuongoza kidogo, akamwachia mwingine. Kama mmoja wao tu angalikataa kuachilia, akasema mti huu ni wangu na sura yangu ndiyo ya mwisho, pasingekuwa na zawadi ya kumpelekea mtu aliyekuwa adui.

Mugumo wetu ungali dirishani. Msichana yule alikwisha maliza shule, akaenda zake, na chama kina watu wengine. Alama za waya zimefifia, lakini ukipitisha kidole utazihisi, nami kila mwaka huwaambia wanafunzi wapya wapitishe kidole kabla sijawapa waya. Wewe nawe, kama utaupata mche katika ufa wa ukuta, uchukue kwa ruhusa ya mwenye ukuta, uungoje unenepe, uufunge kwa kipimo, uupinde kwa subira. Kisha usiende mbali. Pitisha ukucha wako mara kwa mara, na siku utakapokataa kupita, inuka ukalitafute koleo.